Ngozi Isiyosikia Moto

Siku ya kuniaga, kijana mmoja wa maabara alisimama akasema kwamba Mama Odette ni mama mpole ambaye hajawahi kumkasirikia mtu. Watu wakapiga makofi. Nilitabasamu, nikapokea saa ya ukutani waliyoninunulia, nikala keki, nikarudi nyumbani. Kijana yule ana adabu lakini hanijui. Nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali yetu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, tangu nikiwa msichana hadi nikawa bibi, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nimekasirika. Barakoa ndiyo iliyowazuia kuona.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie habari za nyuzi na vidonda, kwa sababu mnasema mimi ndiye niliyekuwa nagombana na kila boksi la nyuzi lililoingia stoo. Sawa, nitaandika. Nani alipandishwa cheo mwaka gani hayo ulizeni ofisini. Mshahara wangu haukuwahi kunipa hadithi yoyote ya kusimulia. Mimi nitawaambia juu ya mtu aliyenifundisha kushona, na juu ya tumbo la mwanamke mmoja wa kijiji cha Kabuta ambalo hata leo nikilikumbuka nasaga meno.

Nilizaliwa Kilwa, ile ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, wazazi wangu wakavuka nami nikiwa mdogo. Nilipoanza kazi, Kibemba changu, lugha ya huku, kilikuwa cha sokoni. Mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa mzee mmoja mwembamba, Ba Chisanga (huku kila mkubwa, mwanamume kwa mwanamke, huitwa Ba kwa heshima), nesi wa siku nyingi, ambaye Kiswahili chake alikipata kwa kuuziana samaki na Wakongo. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Weye Mukongo, unajua kushona?"

"Ndiyo, Ba Chisanga, najua kushona nguo."

"Bon. Sahau." Akageuka kunawa mikono, akaendelea kunena akiwa amenipa mgongo. "Nguo haina damu. Ukivuta sana, inajikunja tu. Mutu ukimuvuta sana, anaoza."

Hilo ndilo somo la kwanza na ndilo la mwisho, mengine yote ni maelezo yake. Kingo za kidonda zinataka kukutanishwa, zigusane basi. Ukizikaza, damu haifiki, na ngozi isiyofikiwa na damu inageuka nyeusi hata kama mshono wako ulikuwa mzuri wa kupigwa picha. Ba Chisanga alinifundishia hilo kwenye samaki. Alikuwa akinunua samaki mkubwa, anampasua tumbo, ananiambia nimshone, kisha anamwinua kwa mkia. Uzi ukichana nyama, samaki yule ni chakula changu. Mshono ukishika bila kuchana, anamchukua yeye nyumbani. Mwaka ule nilikula samaki wengi waliochanika, na mke wa Ba Chisanga alikuwa akimuuliza kwa nini siku hizi harudi na kitu.

Kisha akanifundisha nyuzi. Wakati ule tulikuwa na ule wa utumbo wa kondoo, ulikuja ndani ya vichupa vya kioo vyenye spiriti, nao huyeyuka wenyewe mwilini. Tulikuwa na hariri nyeusi, ambayo ni nyuzi nyembamba nyingi zimesukwa kuwa mmoja. Hariri ni laini na fundo lake halifunguki, ndiyo maana madaktari wanaipenda. Na tulikuwa na nailoni, uzi mmoja mtupu, mkaidi, unaojikunjua ukiufunga vibaya. Ba Chisanga alikuwa akiitafuta nailoni hiyo kwa bidii ya mtu anayetafuta dawa. Aliniambia nishuke ufukweni nikanuse nyavu. Wavu wa uzi wa kusuka, hata ukianikwa jua la mchana kutwa, ndani yake unabaki na unyevu na unanuka. Uzi mmoja wa nailoni ukiufuta umekauka. Basi ndivyo ilivyo mwilini. Katika kidonda kisafi uzi wa kusuka hauna neno. Usaha ukiingia, vijidudu hujificha katikati ya zile nyuzi, dawa haiwafikii, na kila fundo linakuwa nyumba yao.

Sasa mnaelewa kwa nini niligombana na maboksi. Kuna wakati wafadhili walituletea nyuzi nyingi, tukaitwa nje kupiga picha. Nilipofungua boksi la kwanza nilikuta nyuzi za kushonea macho, nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Hapa kwetu watu wanakuja wameumwa na mamba na wamekatwa na panga. Boksi la pili lilikuwa la hariri tupu, na muda wake wa matumizi ulikuwa umepita zamani. Niliambiwa nisiwe na kisirani, mgeni akikupa kitu unashukuru. Kwenye picha ile mimi peke yangu ndiye nisiyecheka. Bado imebandikwa pale karibu na mapokezi, nendeni mkaitazame.

Wakati wakimbizi kutoka Kongo walipokuwa wakipokelewa kwenye kituo cha Kenani, nilipelekwa huko kusaidia kufunga vidonda. Watu walikuwa wameshuka kwenye mitumbwi na majeraha ya siku nyingi, mengine yameshonwa njiani kwa uzi wa cherehani. Wale walioshonwa ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wale walioachwa wazi. Pale ndipo nilipokoma kabisa kubishana na mtu juu ya jambo hili. Kidonda kichafu hakishonwi. Unakisafisha, unakiacha kipumue, unakifunga kwa shashi yenye maji ya chumvi, unarudi kesho. Ndugu wa mgonjwa watakuchukia, lakini hiyo ni sehemu ya kazi.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu vikaanza kuja vidonda vya aina mpya. Wanawake waliopata kitu kidogo kutokana na biashara ya samaki walianza kusafiri mijini kukatwa matumbo. Msiojua upasuaji huu niwaeleze. Daktari anapasua chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, anaibandua ngozi yote mpaka karibu na mbavu, anaishona misuli iliyoachana kwa sababu ya kuzaa, kisha anaivuta ngozi chini, anakata iliyozidi, na kumtobolea mgonjwa nafasi mpya ya kitovu. Ni kazi kubwa na ni kazi halali. Ninayo hasira ya kutosha na wale manesi wetu waliokuwa wanacheka wodini wakisema huyu alitaka uzuri, acha aonje. Mwanamume akiumia akicheza mpira hatumuulizi alitaka nini uwanjani. Mwenye kidonda ni mgonjwa.

Bana Mwansa, yaani mama wa Mwansa, nilimfahamu kabla ya kidonda chake. Alikuwa akiuza chisense, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa, kutoka Kabuta, na sauti yake ilifika hospitali kabla yake. Alikuwa amezaa watoto wengi, na wa mwisho walikuwa mapacha. Tumbo lilibaki linaning'inia, na wakati wa joto ngozi iliyokunjamana chini yake ilikuwa ikichubuka na kutoa maji. Mara nyingi nilimpa dawa ya kupaka. Siku moja alinisimamisha getini.

"Ba Odette, hii tumbo haiko yangu," akaniambia. "Ni ya bale batoto. Balitoka, baliiacha. Ninaenda kuirudisha."

"Unaenda wapi?"

"Lubumbashi. Kuko kliniki moja, muzuri sana. Banaweka mpaka télé mu chumba."

Nikamwambia aulize mambo matatu: atashonwa kwa uzi gani, nani atakitazama kidonda akisharudi, na lini ataruhusiwa kusafiri. Akacheka mpaka wauza vitumbua wakageuka.

"Mayo! Niende kwa mukubwa wa dokta nimuulize uzi? Atasema miye ni fundi wa cherehani."

Akaenda. Alivuka kwa boti hadi Kilwa, akapanda lori. Mnaijua barabara ile. Alikatwa, na kabla ya wiki kwisha wakamwambia kitanda kinahitajika. Mpira uliowekwa kutoa maji yanayokusanyika chini ya ngozi waliuchomoa asubuhi ile ile ya safari, ingawa ulikuwa bado unatoa maji. Walimwambia apumzike na asinyanyue vitu. Hilo ndilo walilomwambia, hakuna jingine. Akarudi juu ya lori lile lile, ameshika tumbo kwa mikono miwili, mpaka Kilwa, mpaka ziwani, mpaka nyumbani.

Nyumbani alimkuta mama yake mzazi, Ba Chilufya, anamngoja. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Huku kwetu mwanamke akijifungua, mama yake anamkanda tumbo kwa maji ya moto. Anachovya kitambaa kwenye maji yanayotoa mvuke, anakandamiza, kisha anamfunga kitenge kwa nguvu ili tumbo lirudi. Ba Chilufya alimfanyia hivyo binti yake kwa kila uzazi. Binti amerudi ametoka kukatwa tumbo ili lirudi, mama afanye nini? Alichemsha maji. Na kila mara alipomkanda kwenye uzazi uliopita, Bana Mwansa alikuwa anapiga kelele na kuuma kanga, ndivyo mama alivyokuwa anajua maji yametosha. Safari hii binti alikaa kimya. Alikuwa anazungumza na wateja wake kwa simu huku anakandwa. Mama akaona maji yamepoa. Akaongeza moto.

Hakuna aliyewaambia. Ngozi ya tumbo ikibanduliwa, mishipa ya fahamu inakatwa. Chini ya kitovu mgonjwa hasikii kitu kwa miezi, wengine hata mwaka na zaidi. Kila anayefanya upasuaji huu anajua hivyo. Ukimwekea chupa ya maji ya moto itamuunguza naye amelala anakoroma. Ni sentensi moja tu ya kusema. Yule bwana aliyemkata alikuwa na télé, yaani runinga, chumbani na hakuwa na sentensi moja.

Waliponiletea Bana Mwansa, harufu ilitangulia mlangoni. Homa ilikuwa kali, macho yamezama. Nilipofungua kitenge niliona ngozi ya chini ya tumbo imekuwa nyeusi na ngumu katikati, pembeni imetoka malengelenge, na mshono umeachia pale palipovutwa kupita kiasi. Maji ya njano yalikuwa yanamiminika. Aliletwa na wifi zake. Mama yake hakuwepo, nami nikauliza yuko wapi.

"Huyo asikanyage hapa," mmoja akajibu. "Ni mulozi. Amemuchoma mutoto wake akiwa macho."

Daktari wetu wakati ule alikuwa Dokta Mulenga, msichana mdogo mwenye mikono mizuri na maneno machache. Alianzisha dripu na dawa, akaniomba nipige simu kule kliniki, kwa sababu mimi ndiye mwenye lugha yao. Tulihitaji kujua misuli imeshonwa kwa uzi gani. Kama ni wa kuyeyuka, tungeuacha uende zake. Kama ni wa kusuka usioyeyuka, ingebidi tuufuate wote mpaka chini, na mgonjwa mwenyewe alikuwa hana nguvu ya kupasuliwa mara mbili. Bwana yule alipokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Madame, opération ilienda muzuri kabisa. Niko hata na photo."

"Sikuulizi photo, dokta. Ulimushona na uzi gani ndani?"

"Uzi ya kawaida."

"Kawaida ya nani? Ni ya kusuka, ao ni moja?"

"Écoute, mama. Ile ni complication, inafikaka. Alibeba bintu bizito, njo sababu. Bale banamuke habasikilizake."

"Ulimuambia ile ngozi haitasikia moto?"

"Madame, niko na malade mu salle," akasema, eti ana mgonjwa mezani, akakata. Nilipiga tena, simu ikawa imezimwa. Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua, na Dokta Mulenga, ambaye ni mlokole, alisubiri nimalize ndipo akasema twende tukanawe.

Tulikata ngozi yote iliyokufa mpaka tukafika inapotoka damu. Chini yake tukakuta jibu ambalo bwana yule hakutaka kutupa: hariri nyeusi, ya kusuka, imepigwa mafundo makubwa kutoka juu hadi chini katikati ya misuli. Dokta Mulenga alikata fundo la kwanza, akalivuta, na usaha ukafuata nyuma yake. La pili vile vile. Nilikuwa nampokea vipande vile kwenye beseni nikikumbuka nyavu za ufukweni na maneno ya Ba Chisanga. Tuliutoa uzi wote. Tukaosha, tukaosha tena, tukajaza shashi, tukafunga bila kushona hata mahali pamoja.

Homa ilipoanza kushuka, Bana Mwansa alitaka kujiona. Nilimwinulia kichwa. Alitazama shimo lile akafumba macho.

"Ba Odette, munishone."

"Awe, hapana. Bado."

"Munishone, mukwai, tafazali. Kabuta yote banangoja kunicheka. Niende nyumbani na tumbo wazi?"

"Nikikushona leo, nakufungia usaha ndani, na Kabuta watakuja kukuzika."

Alinigeuzia mgongo kwa kadiri alivyoweza. Hakunisemesha mpaka kesho yake. Hilo sikulijali, nimenuniwa na watu wengi wakapona. Kilichokuwa kinanichoma ni yule mzee aliyekuwa nje. Ba Chilufya alikuwa amekuja kwa miguu yake, akakaa kwenye banda la kupikia la ndugu za wagonjwa, na kila siku alikuwa anapika uji na kuuleta mlangoni. Na kila siku binti yake alikuwa anaurudisha. Nesi mmoja, nisingependa kumtaja na yeye anajijua, alimwambia yule mama mbele za watu, "Ulimuunguza mtoto wako kama kuku, sasa unaleta uji." Nilimvuta nesi yule stoo, nikafunga mlango. Yaliyosemwa humo yalibaki humo. Tangu siku hiyo alikuwa ananipisha koridoni.

Lakini kumfokea nesi hakukumrudishia Ba Chilufya binti yake. Kidonda kikubwa kama kile hakiponi kwa shashi peke yake. Mgonjwa asiyekula haoti nyama mpya, na Bana Mwansa alikuwa hali. Alikuwa ameamini maneno ya wifi zake kwamba mama yake ni mchawi, na nilipombana alinipa sababu yake kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Batu banasema maji. Ba Odette, maji ya moto ni miye sijue? Mama alinikanda mara mingi. Inachoma, unalia. Ile siku sikusikia kitu. Kitu hata kidogo! Mutu anakuchoma mpaka ngozi inakufa na hausikie. Ile haiko maji. Ile njo bulozi."

Nilikaa kitandani kwake. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa anafikiri vizuri, ila hakuwa amepewa kitu cha kufikiria nacho. Mimi pia kama nisingejua kinachotokea, ningesema hivyo hivyo. Nikamwambia afumbe macho. Chini kidogo ya kitovu chake kipya, upande wa kushoto, palibaki ngozi nzima ambayo maji hayakuifikia. Nikachukua sindano mpya, nikamwambia kila nikimdunga aseme.

Nilianza kwenye mkono. "Mayo!" Nikaenda juu ya mbavu. "Hapo!" Kisha nikashuka kwenye ile ngozi nzima chini ya kitovu, nikadunga hapa, nikadunga pale, nikadunga tena.

"Ba Odette, munangoja nini?"

"Fungua macho."

Akafungua. Akaona sindano, akaona vitone vidogo vya damu vimejipanga kwenye ngozi yake. Akavifuta kwa kidole, na kidole nacho hakikusikika tumboni. Akakiangalia muda mrefu.

"Mama yako hajafika hapa," nikamwambia. "Hii sehemu hakuikanda. Ni nani aliipita na kisu?"

Akasema, "Alikuwa ananiuliza. Mama alikuwa ananiuliza, maji inatosha? Na miye niko na téléphone, namuambia ongeza." Akalia kwa sauti yake ile ya Kabuta. Nikatoka mwenyewe kwenda bandani kumwita mzee.

Ba Chilufya aliingia akiwa ameshika sufuria ya uji kwa mikono miwili. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Binti alifungua mdomo, mama akamlisha. Wifi zake walipokuja jioni walimkuta mzee ameketi kitandani, wakaanza kunong'ona, na Bana Mwansa akawaambia watoke, naye mzee akabaki palepale.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo Dokta Mulenga alilikubali kwa kichwa tu. Nilimfundisha Ba Chilufya kuosha kidonda. Mwanzoni alikataa, akaficha mikono nyuma. Nikamwambia mikono hii ndiyo inayoijua ngozi ya huyu mtu kuliko sisi wote. Nikamwonyesha kupima maji kwa kiwiko chake mwenyewe, asimuulize binti, kwa sababu ngozi ya binti bado haiwezi kujibu. Alikuwa anachovya kiwiko, anatoa, anachovya tena, anangoja maji yawe vuguvugu, ndipo anaosha. Nyama nyekundu ikaanza kuota, yenye chembe chembe, ile tunayoifurahia. Kidonda kilipokuwa kisafi kabisa na kimepungua, Dokta Mulenga alizikutanisha kingo kwa nailoni ya uzi mmoja, mishono michache, iliyolegea. Bana Mwansa aliitazama akasema ni mushono ya mutu muvivu. Nikamwambia ndiyo, ni ya watu wavivu, na itashika. Kilichobaki wazi kiliachwa kijifunge chenyewe polepole.

Alirudi nyumbani, akawa anakuja kliniki na mama yake kwa ajili ya kuosha. Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa nimesimama upande wa pili wa pazia nikihesabu mikasi, nikasikia Ba Chilufya anachovya kiwiko kama kawaida. Maji yakamwagika kidogo. Kisha ikaja sauti ile ya Kabuta, yote, bila kupunguzwa.

"Mayo! Mama! Inachoma!"

Nikavuta pazia. Ba Chilufya alikuwa amesimama na kitambaa mkononi.

"Inachoma?" akauliza.

"Inachoma, mama, toa! Toa!"

Nikaingiza mkono kwenye beseni. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ngozi ile ilikuwa imeanza kusikia, na kama ngozi yoyote iliyokaa kimya muda mrefu, ilikuwa inazidisha. Ba Chilufya alikaa chini sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika, akaanza kulia na kupiga makofi, akisema kwa sauti, "Inamuchoma! Mutoto wangu, inamuchoma!" Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje wakadhani ni msiba, mwanamke mmoja akaanza kuomboleza kumsaidia. Bana Mwansa alikuwa anacheka na kujishika kovu, analalamika kwamba na kucheka kunamchoma. Mimi nilirudi nyuma ya pazia. Mkitafuta kwenye kazi yangu yote siku niliyokasirika kuliko zote, ni siku ile ya furaha.

Kwa sababu kelele ile ndiyo waliyopaswa kuambiwa waingoje. Mtu angewaambia pale Lubumbashi: mama, hatasikia moto mpaka siku atakayopiga kelele, kwa hiyo usimkande mpaka siku hiyo. Angetumia pumzi moja. Tangu hapo wamekuja wengine wenye matumbo kama lile, mmoja kutoka Puta hakutoka salama, na kila mmoja nilimuuliza kama alielezwa. Wote walitikisa kichwa, hapana.

Nyuzi mtajifunza. Zimeandikwa kwenye maboksi, na mnasoma kuliko nilivyosoma mimi. Ninachowaachia ni hiki, na nimekiandika nikiwa na hasira ile ile. Mkimkata mtu, kabla hajashuka kitandani, shikeni mkono wake muuweke pale atakapokuwa hasikii, mumwambie. Kisha tokeni nje, mumtafute yule atakayemchemshia maji, naye mumwambie.